Waliohesabu Wagonjwa wa Marekani

Ijumaa ya tarehe 6 Machi 2020, Rais Donald Trump alifika mjini Atlanta, kwenye makao makuu ya CDC, shirika la serikali kuu ya Marekani linalosimamia udhibiti wa magonjwa. Akiwa na kofia nyekundu kichwani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeyote anayetaka kupimwa korona anapimwa. Siku hiyohiyo jarida la The Atlantic lilitoa habari ya waandishi wake wawili, Robinson Meyer na Alexis Madrigal. Hao walikuwa wamejitwika kazi ambayo mtu angedhani ina karani wake serikalini: kuyauliza majimbo, moja baada ya jingine, yameshapima watu wangapi. Walipojumlisha majibu yote walipata watu 1,895.

Nchi wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 330. Korea Kusini, ambayo iligundua mgonjwa wake wa kwanza siku moja na Marekani, ilikuwa tayari na uwezo wa kupima watu 10,000 kwa siku.

Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini methali hiyo haikai sawasawa hapa. Washington haikuwa na namba ya kuficha. CDC ilikuwa ikitangaza idadi ya waliopimwa kwenye tovuti yake, na tarehe 2 Machi ikaiondoa, ikieleza kwamba majimbo sasa yanapima yenyewe na hesabu yake isingekuwa kamili. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Ila hakuna aliyesema ni nani basi atakayekaa na kujumlisha.

Tatizo la Februari linajulikana zaidi. CDC ilitengeneza vifaa vyake vya kupimia, ikavisambaza kwa maabara za majimbo, na katika siku chache maabara hizo zikarudisha habari kwamba sehemu ya kipimo haifanyi kazi: kilikuwa kinaonyesha virusi hata kwenye maji safi. Wiki kadhaa zikapotea. Tarehe 29 Februari ndipo mamlaka ya chakula na dawa ilipozilegezea masharti maabara nyingine zitumie vipimo vyao. Hapo upimaji ukatawanyika ghafla: maabara za majimbo, za vyuo vikuu, za hospitali, za kampuni binafsi. Kila moja ilikuwa na daftari lake.

Daftari la taifa halikuwapo, na halijawahi kuwapo kwa namna ambayo wengi wetu tunaidhania. Huko Marekani afya ya jamii ni mamlaka ya jimbo. Mwaka 1874 bodi ya afya ya Massachusetts iliwaomba madaktari wawe wanatuma kadi ya posta kila wiki kueleza maradhi waliyoyaona. Iliwaomba, haikuwaamuru. Michigan ilitunga sheria ya kulazimisha taarifa za magonjwa kadhaa mwaka 1883, na majimbo mengine yakafuata kwa mwendo wao. Ilihitaji homa kubwa ya mafua ya 1918 kupita, na miaka mingine kadhaa juu yake, mpaka mwaka 1925, ndipo majimbo yote yakawa yanapeleka taarifa za magonjwa kwa serikali kuu. Hata hivyo yanapeleka kwa makubaliano tu. CDC haiwezi kumwamuru mkuu wa afya wa Texas aipe hesabu. Inamwomba, kama Massachusetts ilivyowaomba madaktari wake.

Kwa hiyo siku Marekani ilipotaka kujua ina wagonjwa wangapi, swali lilikwenda kwenye milango 56: majimbo 50, mji mkuu Washington, na himaya tano za visiwani, kuanzia Puerto Rico hadi Guam. Kila mlango ulijibu kwa lugha yake.

Meyer na Madrigal hawakuwa peke yao katika kuhangaika. Mtaalamu wa takwimu aitwaye Jeff Hammerbacher alikuwa naye ameanzisha jedwali lake la upimaji wa majimbo. Tarehe 7 Machi wakaunganisha majedwali yao, Erin Kissane akaingia kama mhariri msimamizi, wakatoa tangazo la kuomba watu wa kujitolea. Kazi ikapewa jina la COVID Tracking Project. Matarajio yao, kama walivyokuja kueleza baadaye, yalikuwa kwamba wataifanya kwa wiki chache tu, mpaka CDC itakaposimama sawasawa. Waliifanya mwaka mzima.

Waliojitokeza walikuwa mamia: wakutubi, wanafunzi, waandishi wa programu, wanasayansi, watu waliofungiwa nyumbani wakitafuta la kufanya. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu yoyote. Kila alasiri mtu hufungua ukurasa wa wizara ya afya ya jimbo fulani, anasoma namba, anaiandika kwenye jedwali la Google. Mwingine anakuja nyuma yake, anafungua ukurasa uleule, anahakiki. Picha ya skrini inapigwa na kuhifadhiwa, maana ukurasa wa leo kesho haupo. Jimbo jingine halina ukurasa wa maana, hivyo mtu anakaa kusikiliza mkutano wa gavana na waandishi wa habari, kalamu mkononi, akingoja namba itajwe. Jioni hesabu ya nchi nzima inatangazwa. Kesho wanaanza upya. Siku 365 bila kuruka hata moja, Krismasi ikiwemo.

Hawakutegemea roboti za kukusanya takwimu, na hili liliwashangaza mafundi wengi wa kompyuta. Walikuwa na sababu. Programu huchota namba ilipo, na jimbo likibadilisha maana ya safu bila kubadilisha jina lake, programu haitashtuka. Mtu anayeutazama ukurasa wa Alabama kila siku kwa miezi mitatu atashtuka. Nadhani hapa ndipo walipowazidi wengi waliokuwa na mitambo mikubwa kuliko yao: walikuwa na watu wanaoshtuka.

Na ya kushtua yalikuwa mengi, kuanzia kwenye neno lenyewe, kipimo. Chukua muuguzi anayepimwa mara mbili kwa wiki kwa sababu ya kazi yake. Siku mojawapo anachukuliwa sampuli mbili, ya puani na ya kooni. Wiki ikiisha, jimbo linalohesabu watu litaandika moja. Jimbo linalohesabu mara ambazo mtu amekwenda kupimwa litaandika mbili. Jimbo linalohesabu sampuli litaandika tatu. Yote matatu yamesema kweli, na yote matatu yameiweka namba yake chini ya kichwa kilekile cha habari: idadi ya vipimo. Sasa gawanya idadi ya waliokutwa na virusi kwa namba hizo ili upate ile asilimia ambayo magavana walikuwa wakiitumia kufungua shule na baa. Jimbo moja litaonekana liko hatarini na jirani yake liko salama, kumbe tofauti iko kwenye kigawanyo.

Mwezi Mei likatokea kubwa zaidi. Kuna kipimo kinachotafuta virusi mwilini leo, na kuna kipimo cha kingamwili kinachotafuta alama kwamba virusi viliwahi kupita. Cha kwanza kinamweleza daktari nani atengwe. Cha pili ni kama kukagua majivu ili kujua kama moto uliwahi kuwaka. Virginia, Texas, Georgia na Vermont yaligundulika kuwa yamevichanganya vipimo hivyo viwili katika hesabu moja. Kisha Madrigal na Meyer wakaandika kwamba CDC yenyewe, iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kuchapisha upimaji wa majimbo, ilikuwa ikivichanganya vilevile, na shirika likakiri. Hapo lawama za kisiasa zilipamba moto, maana kuchanganya huko kuliongeza idadi ya upimaji na kushusha asilimia ya waliokutwa na ugonjwa, jambo lililowapendeza waliotaka biashara zifunguliwe. Wale wa kujitolea, waliokuwa wameona wiki nzima za fujo za kawaida, hawakuwa wepesi kuona njama. Mara nyingi waliona ofisi yenye watu wachache waliochoka, na programu ya kompyuta iliyonunuliwa enzi nyingine.

Enzi hizo zilijionyesha wazi wakati wa kiangazi. Katika kaunti ya Harris, Texas, ambako ndiko uliko mji wa Houston, majibu ya maabara yaliingia kwa faksi, karatasi juu ya karatasi, mpaka zikamwagikia sakafuni. Nyingine hazikuwa na namba ya simu ya mgonjwa. Nyingine zilikuwa za mtu wa kaunti nyingine. Karani alizikusanya, akazipanga, akaziingiza kwenye kompyuta kwa mkono, na mgonjwa akaingia kwenye hesabu siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana mchoro unaopanda na kushuka kwenye televisheni ulikuwa mara nyingine unaonyesha kasi ya makarani kuliko kasi ya virusi.

California, jimbo lenye kampuni kubwa za kompyuta kuliko mahali popote duniani, liliaibika kuliko Texas. Mwishoni mwa Julai seva moja ilizimika. Marekebisho ya dharura yaliyowekwa ili kuharakisha mambo hayakuondolewa kwa wakati, na cheti cha kidijitali kilichoruhusu maabara moja kubwa kutuma majibu kikaachwa kikaisha muda wake. Rekodi zisizopungua 250,000 zikakwama njiani, ingawa si zote zilikuwa za korona. Katikati ya mkwamo huo gavana Gavin Newsom alisimama na kutangaza kwa furaha kwamba maambukizi yameshuka. Siku iliyofuata wasaidizi wake walikiri kuwa hesabu ina pengo. Tarehe 9 Agosti mkurugenzi wa afya ya jamii wa jimbo, Sonia Angell, alijiuzulu.

Wale wa jedwali walikuwa pia wameanza kuuliza swali ambalo majimbo mengi hayakutaka kulijibu: ni nani hasa anayekufa? Mapema Aprili gavana wa Louisiana, John Bel Edwards, alieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya waliokufa jimboni mwake walikuwa watu Weusi, ilhali Weusi ni kama asilimia 32 ya wakazi. Louisiana ilistahili pongezi kwa kusema, kwa sababu majimbo mengi wakati huo hayakuwa yakitoa mchanganuo wowote. Mwezi huohuo, kwa kushirikiana na kituo cha Ibram X. Kendi cha utafiti dhidi ya ubaguzi, likafunguliwa jedwali la pili la kufuatilia rangi na asili ya wagonjwa. Lilikuwa na mapengo mengi. Fomu za maabara zilikuwa na kisanduku cha rangi kisichojazwa, na kisanduku kitupu hakimtetei mtu. Mwaka ulipoisha hesabu yao ilionyesha watu Weusi wa Marekani wakifa kwa kiwango cha mara 1.4 ya Wazungu.

Jedwali la tatu lilikuwa la nyumba za kulelea wazee. Msomaji wa Nairobi au Arusha mwenye dada, binamu au jirani Marekani huenda anazijua nyumba hizi kuliko anavyofikiri, kwani Waafrika Mashariki wengi walioko huko wamepata riziki yao kwa kuwaosha, kuwalisha na kuwageuza wazee hao vitandani. Wakazi wake hawafiki asilimia 1 ya watu wa Marekani. Kufikia Machi 2021 walikuwa karibu theluthi moja ya vifo vyote vya korona vilivyohesabiwa.

New York ilionyesha jinsi ufafanuzi mdogo unavyoweza kuwazika maelfu. Jimbo hilo lilihesabu kifo cha mkazi wa nyumba ya wazee pale tu alipofia ndani ya nyumba hiyo. Aliyebebwa na gari la wagonjwa akafia hospitalini aliingia kwenye hesabu ya jumla, lakini akatoka kwenye hesabu ya nyumba za wazee, kana kwamba aliugulia barabarani. Tarehe 28 Januari 2021 mwanasheria mkuu wa jimbo, Letitia James, alitoa ripoti iliyosema huenda hesabu hiyo imepunguza vifo kwa kiasi cha nusu. Jioni yake idara ya afya ikatoa takwimu mpya, na idadi ikaruka kutoka 8,700 hivi hadi zaidi ya 12,000. Gavana Andrew Cuomo, aliyekuwa amesifiwa nchi nzima kwa mikutano yake ya kila siku iliyojaa michoro na namba, hakuipata tena heshima ile.

Mbali na vipimo na vifo ilikuwapo hesabu ya waliolazwa. Mwanzoni hii ndiyo iliyokuwa duni kuliko zote. Majimbo mengine yalitoa idadi ya watu waliowahi kulazwa tangu mwanzo, namba inayopanda siku zote na isiyomsaidia mtu anayetaka kujua kama kuna kitanda leo. Florida, yenye wakazi zaidi ya milioni 20, haikuwa ikitangaza idadi ya waliolazwa kwa siku husika hadi Julai, wimbi likiwa tayari limeifunika. Na mwezi huohuo serikali ya Trump ikabadilisha njia: hospitali ziache kupeleka taarifa kwa mfumo wa CDC, zipeleke moja kwa moja kwenye wizara ya afya kupitia mfumo mpya uliotengenezwa na kampuni binafsi. Hospitali zilipewa siku chache tu za kujipanga. Takwimu za majimbo kadhaa zikayumba kwa wiki kadhaa, na wengi, nikiwemo mimi niliyekuwa nikifuatilia kwa mbali, waliona huo ni mwisho wa ukweli katika hesabu za hospitali.

Tulikosea. Mfumo ule ulioanza kwa papara ulitulia, na kufikia mwisho wa mwaka ulikuwa ukikusanya taarifa kutoka karibu kila hospitali nchini. Wale wa jedwali waliukagua wakilinganisha na namba za majimbo, wakakuta zinaelekeana, wakasema hivyo hadharani. Ilikuwa rahisi kwao kunyamaza. Waliokuwa wakiwasoma wengi wao wasingependa kusikia sifa yoyote ya kazi ya serikali ile.

Majira ya baridi ndiyo yaliyothibitisha thamani ya hesabu ya vitanda. Tarehe 26 Novemba 2020 ilikuwa sikukuu ya kutoa shukrani, siku ambayo Wamarekani husafiri kwenda kula pamoja. Maabara zilifunga, makarani walipumzika, na kwa siku kadhaa visa vipya na vifo vikaonekana kushuka. Wakusanyaji walikuwa wameonya mapema kwamba itakuwa hivyo: namba zitashuka, kisha zitapanda kwa kishindo, na vyote viwili vitakuwa vya kalenda. Lakini wodi haina sikukuu. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anahesabika Alhamisi kama Jumatatu. Mawimbi ya Aprili na Julai yalikuwa yamefikisha karibu watu 60,000 vitandani kwa wakati mmoja. Tarehe 2 Desemba walipita 100,000. Tarehe 6 Januari 2021 walikuwa zaidi ya 132,000, kilele cha mwaka ule, na habari hiyo haikumfikia karibu mtu yeyote, kwa sababu alasiri ile kundi la watu lilikuwa likivunja madirisha ya jengo la Bunge.

Wakati huo namba zao zilikuwa zimeenea kila mahali. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambacho dashibodi yake ya visa na vifo ilikuwa ikitazamwa duniani kote, kilichukua takwimu zake za upimaji wa Marekani kutoka kwao. Magazeti yalizitumia, watafiti walizitumia, na Ikulu ya Marekani ilizitumia kwenye maelezo yake. Serikali yenye shirika la magonjwa lenye bajeti ya mabilioni ya dola ilikuwa ikisoma jedwali lililojazwa na watu wa kujitolea.

Huku kwetu kulikuwa na namba nyingine, iliyosimama. Tanzania ilifikisha visa 509 mwanzoni mwa Mei 2020, na kwa zaidi ya mwaka namba hiyo haikusogea kwa sababu haikuhesabiwa tena. Takwimu zilianza kutolewa upya chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Nalitaja kwa sababu wakati ule tulizoea kuona pande mbili tu, wanaohesabu na wasiohesabu. Marekani ilikuwa ya tatu: ilihesabu mahali 56 kwa namna 56, na ikabaki haijui.

Mwanzoni mwa Februari 2021 wenye jedwali walitangaza kwamba wanafunga. Sababu yao ilikuwa kwamba serikali kuu sasa inachapisha takwimu za kutosha, nyingine hadi ngazi ya hospitali mojamoja, na kwamba kazi hii tangu mwanzo ilikuwa ya serikali. Wapo waliowasihi waendelee. Walikataa. Walitumia wiki zilizobaki kuandika miongozo ya jinsi ya kuzisoma takwimu za serikali, ili waliokuwa wakiwategemea wasibaki yatima. Tarehe 7 Machi 2021, mwaka mmoja kamili tangu jedwali la kwanza, waliandika mstari wa mwisho. Ulionyesha vifo zaidi ya 515,000. Maelfu ya picha za skrini, majedwali na maandishi yao yakahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco.

Vifo viliendelea, vikapita milioni moja mwaka 2022. Johns Hopkins ilifunga dashibodi yake tarehe 10 Machi 2023. Tarehe 11 Mei mwaka huohuo hali ya dharura ya kiafya ilikoma nchini Marekani, na pamoja nayo ikakoma amri ya serikali kuu iliyozilazimisha maabara kupeleka majibu ya vipimo vya korona. Tangu siku hiyo ni kila jimbo kuamua lenyewe litahesabu nini.